Natural Number Game: mchezo unaompa mtu kazi ya kompyuta

Natural Number Game ni mchezo wa bure unaochezwa ndani ya kivinjari, na mchezaji hupewa kazi moja tu, nayo ni kuthibitisha mambo ambayo kila aliyemaliza darasa la pili anayajua tayari. Utathibitisha kwamba 2 + 2 ni 4, kwamba unapojumlisha namba mbili haijalishi umeanza na ipi, na kwamba jibu la kuzidisha nalo halibadiliki ukigeuza mpangilio. Huruhusiwi kusema kwamba jambo liko wazi. Anayekusimamia ni Lean, programu ya kukagua uthibitisho iliyoanzishwa na Leonardo de Moura mwaka 2013 alipokuwa Microsoft Research, na Lean haina habari na kilicho wazi. Inakubali kanuni za msingi ulizokabidhiwa, matamko uliyokwisha kuyathibitisha, na hatua inayotokana na hayo kwa sheria zilizotajwa. Ukitoka nje ya hapo itakuandikia kosa na kukusubiri.

Toleo la kwanza lilitengenezwa mwaka 2019 na Kevin Buzzard na Mohammad Pedramfar wa Imperial College London. Toleo linalotumika sasa limeandikwa upya kwa Lean 4, yaani toleo la nne la Lean, na linaendeshwa kwenye seva za Chuo Kikuu cha Heinrich Heine kilichoko Düsseldorf, Ujerumani. Wengi wanaoupendekeza mchezo huu huutaja kama mlango wa kujifunzia Lean, na kwa kazi hiyo sina ugomvi nao. Tathmini hii inaupima kwa swali jingine, ambalo watengenezaji wenyewe hawakulitangaza lakini limelala chini ya kila ngazi: je, akili ya binadamu inaweza kutatua matatizo ambayo kompyuta haiwezi?

Mjadala wa swali hili kwa kawaida hukimbilia maneno mapana kama vile roho, utashi na fahamu, na msomaji hubaki hana pa kushika. Ndani ya mchezo huu mtu na kompyuta wamewekwa kwenye kazi moja, chini ya sheria moja, na kila mstari unaonyesha ni nani aliyefanya nini. Kwa chombo kisichotozwa hata senti, hilo si jambo dogo.

Mchezo umegawanywa katika malimwengu, na kila ulimwengu una ngazi zake. Ulimwengu wa utangulizi unakupa sifuri, pamoja na kitendo kiitwacho succ ambacho hupokea namba na kutoa ile inayoifuata. Namba nyingine zote hujengwa kutokana na hivyo viwili. Kujumlisha nako kunaelezwa kwa kanuni mbili tu: kwamba a + 0 ni a, na kwamba a + succ b ni succ ya a + b. Vitendea kazi vya mwanzo ni amri mbili. Amri ya rw huondoa sehemu ya mlinganyo na kuweka mahali pake kitu ambacho umekwisha kuthibitishiwa kuwa ni sawa nayo, na amri ya rfl hufunga kazi pale ambapo pande mbili za mlinganyo zimefanana herufi kwa herufi. Kwa hizo mbili, 2 + 2 = 4 huchukua mistari kadhaa: unaivunja 2 ya pili kuwa succ ya 1, unaitoa hiyo succ nje, unaivunja 1 kuwa succ ya 0, unaitoa tena, unaiondoa sifuri, na kinachobaki ni succ ya succ ya 2, ambayo ndiyo 4.

Ladha yenyewe huanza katika Ulimwengu wa Kujumlisha. Umeambiwa kwamba a + 0 ni a, lakini hakuna mtu aliyekuambia kwamba 0 + a ni a, na ngazi ya kwanza inakutaka ulithibitishe hilo. Mchezaji mgeni hujaribu kubadilisha na kubadilisha tena hadi anachoka, kwa sababu kanuni zote mbili zinashughulikia kilicho upande wa kulia wa alama ya kujumlisha, na upande wa kushoto hauguswi. Kinachohitajika ni induksheni: ukionyesha kwamba tamko ni kweli kwa sifuri, kisha ukaonyesha kwamba likiwa kweli kwa namba fulani basi ni kweli pia kwa inayofuata, umelithibitisha kwa namba zote. Hapa ndipo mchezo unapostahili sifa zake. Nimesoma vitabu kadhaa vya kiada vinavyoeleza induksheni kama kanuni ya kukariri, na hakuna hata kimoja kinachomfanya mwanafunzi aihitaji kabla ya kupewa.

Hata hivyo, baada ya ngazi chache mchezaji makini huona jambo lisilotarajiwa: anapocheza vizuri, hafikiri. Anaanza induksheni, anaandika rw mara tatu au nne, anafunga kwa rfl, anaingia ngazi inayofuata. Mwandishi wa mchezo alitaka kumwonyesha mwanafunzi jinsi wanahisabati wanavyofikiri, lakini kwa muda mrefu anachomfanya ni karani, anayehamisha alama kutoka safu moja kwenda nyingine kwa kufuata maelekezo, kazi ambayo Lean ingeifanya kwa kasi isiyo na mfano na bila kukosea nukta. Siilaumu sehemu hii. Kinyume chake, ni funzo la kwanza kuhusu swali letu, na ni funzo la kumpunguzia mtu majivuno, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile tunachokiita kufikiri darasani, na ambacho tunakipa alama katika mitihani, ni utii wa sheria ambao hauhitaji akili yoyote.

Basi akili iko wapi? Iko mahali ambapo mchezo umepaficha, na hili ndilo lalamiko langu kubwa. Chukua tamko kwamba a + b ni sawa na b + a. Ukijaribu kulithibitisha kwa induksheni moja kwa moja utakwama, kwa sababu utafika mahali ambapo succ imekaa upande wa kushoto na hakuna kanuni inayoigusa ikiwa hapo. Ili kutoka, lazima usimame, uache tamko ulilopewa, ubuni tamko jingine ambalo hakuna aliyekuuliza, yaani kwamba succ a + b ni succ ya a + b, ulithibitishe hilo kwanza, kisha urudi. Kubuni tamko saidizi kwa namna hiyo ndiko kunakomtofautisha mwanahisabati na karani. Kwenye mchezo, tamko hilo ni ngazi ya pili, nalo limeandikwa tayari, na lile la a + b = b + a ni ngazi ya tatu. Mchezaji anavuka mahali pagumu kuliko pote bila kujua kwamba palikuwepo, kwa kuwa waliobuni walikuwa watengenezaji walipopanga orodha ya ngazi. Anayetoka hapo akidhani kwamba amegundua uthibitisho wa a + b = b + a amekadiria kazi yake kupita kiasi.

Mtu anaweza kujibu kwamba mchezo wa wanaoanza hauna budi kuwashika mkono. Ni kweli, lakini ingetosha kuigeuza ngazi moja tu: kumpa mchezaji tamko gumu kwanza, kumwacha akwame, kumuuliza anahitaji nini, ndipo afunguliwe njia.

Ulimwengu wa Algorithimu, yaani wa hatua zilizopangwa ambazo mashine inaweza kuzifuata hadi jibu, ndio ulio bora kwa msomaji mwenye swali letu, ingawa wachezaji wengi huweza kuuruka kwa kuwa uko kando ya njia kuu. Hapo kompyuta inaanza kuchukua kazi yenyewe. Unapewa mlinganyo mrefu wa kujumlisha ambao pande zake mbili zina herufi zilezile kwa mpangilio tofauti. Unateswa kidogo kuupanga kwa mkono, kisha unafundishwa amri ya simp, ambayo huupanga wote kwa mpigo mmoja. Halafu inakuja amri ya decide. Unaulizwa kama 20 + 20 ni 40, na kama 2 + 2 ni tofauti na 5, unaandika neno hilo moja, na ngazi imekwisha. Kinachofanyika ni kwamba kuna algorithimu ya kulinganisha namba mbili, algorithimu hiyo yenyewe imethibitishwa kuwa haikosei, na Lean inaiendesha. Kwa hiyo kuna maswali ambayo mtu anaweza kuyakabidhi yote kwa kompyuta na kuondoka. Ni maswali mangapi ya aina hiyo, na mpaka wake uko wapi?

Jibu la swali hili linajulikana, na limekaa ndani ya ramani ya mchezo wenyewe bila maelezo yoyote. Mwaka 1929 Mojżesz Presburger, aliyekuwa mwanafunzi Warsaw, alithibitisha kwamba matamko yote kuhusu namba za kuhesabia yanayotumia kujumlisha peke yake, bila kuzidisha namba kwa namba isiyojulikana, yana algorithimu ya kuyaamua: kila moja, kweli au si kweli, bila ubaki. Kwa maneno mengine, Ulimwengu wa Kujumlisha wote, pamoja na ile induksheni iliyotutoa jasho, ni eneo ambalo kompyuta inalimiliki. Lean kamili ina amri iitwayo omega ambayo hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Miaka miwili baada ya Presburger, mwaka 1931, Kurt Gödel alionyesha kwamba pindi kujumlisha na kuzidisha vinapokuwa pamoja, mfumo wowote wa kanuni usiojipinga na ambao kanuni zake zinaweza kuorodheshwa kwa utaratibu wa kimashine utaacha matamko ya kweli usiyoweza kuyathibitisha. Mwaka 1936 Alonzo Church na Alan Turing, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba hakuna algorithimu moja inayoweza kupokea tamko lolote la aina hiyo na kuamua. Mwaka 1970 Yuri Matiyasevich, akikamilisha kazi ya Martin Davis, Hilary Putnam na Julia Robinson, alionyesha kwamba hata swali la kama mlinganyo fulani una jibu katika namba nzima halina algorithimu ya jumla.

Mpaka kati ya kinachoweza kukabidhiwa mashine na kisichoweza, basi, unapita kati ya Ulimwengu wa Kujumlisha na Ulimwengu wa Kuzidisha. Mchezaji anabofya duara moja na kuhamia jingine, anaendelea na rw zake, na hakuna hata sentensi moja inayomwambia kwamba amevuka mojawapo ya mipaka mikubwa iliyogunduliwa katika karne ya 20. Ni haki kuongeza kwamba upande wa kujumlisha nao si mteremko: mwaka 1974 Michael Fischer na Michael Rabin walithibitisha kwamba algorithimu yoyote ya kuamua matamko ya Presburger itakutana na matamko yanayodai muda unaokua kwa kipeo juu ya kipeo, kiasi kwamba kumiliki eneo kwa nadharia si sawa na kulimaliza kabla jua halijazimika.

Hapa ndipo watetezi wa akili ya binadamu huingia. Mwaka 1961 J. R. Lucas, mwanafalsafa wa Oxford, alidai kwamba matokeo ya Gödel yanamaliza mjadala: chukua kompyuta yoyote, itazame kama mfumo wa kanuni, lijenge tamko la Gödel la mfumo huo, kompyuta haiwezi kulithibitisha, lakini sisi tunaona kwamba ni kweli, kwa hiyo sisi si kompyuta. Roger Penrose, mwanafizikia wa chuo hichohicho ambaye mwaka 2020 alipata Tuzo ya Nobel, aliihuisha hoja hiyo kuanzia mwaka 1989 na kuipa nguvu mpya. Hoja ni nzuri, na nadhani kila aliyeisoma kwa mara ya kwanza ameshawishika kwa siku kadhaa.

Udhaifu wake uko katika maneno "tunaona kwamba ni kweli". Tamko la Gödel ni kweli iwapo mfumo haujipingi, na anayedai kuliona anadai kwamba ameuona usalama wa mfumo mzima. Hilary Putnam aliligusa hili mapema, mwaka 1960. Kwa mfumo mdogo kama kanuni za mchezo huu, ni rahisi kudai hivyo. Kwa mfumo mkubwa, historia haituruhusu kujiamini. Gottlob Frege alikuwa mmoja wa watu makini kuliko wote waliopata kuandika juu ya mantiki. Alijenga mfumo wake kwa miaka mingi, akaziona kanuni zake kuwa za kweli, na mwezi Juni mwaka 1902 barua ya Bertrand Russell ikamwonyesha kwamba kanuni mojawapo inaupinga mfumo wenyewe. Jicho la Frege liliona ukweli mahali ambapo palikuwa na shimo. Ikiwa hilo ndilo jicho tunalotaka kuishindia kompyuta, lazima tukubali kwamba linaweza kukosea, na chombo kinachoweza kukosea hakizuiwi na Gödel, kwa kuwa theoremu yake inahusu mifumo isiyojipinga.

Gödel mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko waliomnukuu. Katika mhadhara alioutoa mwaka 1951 alisema kwamba kinachofuata ni mojawapo ya mambo mawili: ama akili ya binadamu inaipita kila mashine yenye ukomo, ama kuna maswali ya milinganyo ambayo hayatatuliki kabisa kwa yeyote, si mtu wala mashine. Yeye aliegemea upande wa kwanza, lakini hakudai kuwa ameuthibitisha. Naona msimamo huo ndio wa heshima. Watu wengi husoma nusu ya kwanza na kuifunga karatasi.

Kuna mfano mmoja ambao ningependa mchezo huu uuongeze, kwa sababu unakaa jirani kabisa na kanuni zake. Chukua namba, iandike kwa vipeo vya 2, pamoja na vipeo vyenyewe, badili kila 2 kuwa 3, toa 1, badili kila 3 kuwa 4, toa 1, endelea hivyo. Ukianza na 3, namba zinakuwa 3, 3, 3, 2, 1, 0, na mambo yameisha. Ukianza na 4, namba zinapanda hadi inaonekana hazitarudi, na idadi ya hatua hadi sifuri inahitaji zaidi ya tarakimu milioni 121 kuiandika. Lakini zinarudi: Reuben Goodstein alithibitisha mwaka 1944 kwamba ukianza na namba yoyote utafika sifuri, na mwaka 1982 Laurie Kirby na Jeff Paris walithibitisha kwamba jambo hilo haliwezi kuthibitishwa kwa kanuni za Peano, yaani kanuni za aina ileile ambayo mchezo umejengwa juu yake. Hapa hatimaye kuna tatizo ambalo kompyuta iliyofungiwa ndani ya kanuni hizo haitalitatua kamwe, na binadamu amelitatua. Alilitatua vipi? Kwa kutoka nje, akatumia namba za mpangilio zisizo na ukomo, ambazo kanuni za Peano hazizijui. Lakini hakuna sheria inayoilazimisha kompyuta kubaki ndani. Lean kamili ina kanuni zenye nguvu zaidi ya za Peano, na uthibitisho wa Goodstein unaweza kuandikwa na kukaguliwa humo. Aliyefungwa ni mfumo, na mashine inaweza kupewa mfumo mwingine kama mtu anavyoweza kujipa mwenyewe. Kinachobaki ni swali la nani anayeuchagua, na kwa sababu gani.

Ulimwengu wa Vipeo unamalizikia kwa mzaha unaostahili kutajwa. Ngazi ya mwisho inakutaka uthibitishe Theoremu ya Mwisho ya Fermat: kwamba jumla ya vipeo viwili vya daraja la tatu au zaidi haiwi kamwe kipeo cha daraja hilohilo, ukiondoa sifuri. Inaandikwa kwa alama zilezile ulizozoea tangu mwanzo, na ndiyo maana mzaha unauma, kwa sababu Fermat aliitaja katika karne ya 17 na uthibitisho wa Andrew Wiles, uliokamilishwa kwa msaada wa Richard Taylor, ulichapishwa mwaka 1995. Buzzard sasa anaongoza mradi wa kuuandika uthibitisho huo wote katika Lean, kwa hiyo mzaha una mwenyewe.

Ngazi hiyo inafaa kutenganisha maana mbili za "haiwezi" ambazo watu huzichanganya. Kinadharia, kompyuta ingeweza kumshinda Wiles bila werevu wowote: iorodheshe maandishi yote yanayowezekana, kuanzia mafupi, na kukagua kila moja kama ni uthibitisho sahihi. Kwa kuwa uthibitisho upo, siku moja ingeufikia. Siku hiyo isingekuja katika umri wa ulimwengu huu. Kwa hiyo Wiles hakufanya jambo lisilowezekana kwa mashine. Alifanya ndani ya miaka michache ya maisha ya mtu jambo ambalo upekuzi usiochagua hauwezi kulifanya kwa wakati wowote wenye maana. Ukiniuliza, hapo ndipo swali lenye faida lilipo, na si kwenye tamko la Gödel: kuchagua njia kati ya njia zisizohesabika.

Na katika jambo hilo la kuchagua, uhakika wa miaka ya nyuma umetikisika. Mwezi Julai 2024 Google DeepMind ilitangaza kwamba mifumo yake miwili, AlphaProof na AlphaGeometry 2, ilikuwa imetatua maswali 4 kati ya 6 ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati na kupata alama 28 kati ya 42, pungufu ya medali ya dhahabu kwa alama moja. AlphaProof iliandika uthibitisho wake katika lugha hiihii ya Lean, na matamko saidizi ilijitafutia. Ilitatua swali la sita, ambalo washindani watano tu ndio waliolikamilisha. Lakini kwa baadhi ya maswali ilichukua hadi siku tatu, huku wanafunzi wakipewa vipindi viwili vya saa nne na nusu, na watu ndio waliotafsiri maswali kuyaingiza katika Lean.

Iliposhindwa pana mvuto zaidi. Swali la tano lilihusu konokono aitwaye Turbo, anayetaka kuvuka, kutoka juu hadi chini, ubao wenye mistari ya mlalo 2024 na safu za wima 2023. Kila mstari, isipokuwa wa kwanza na wa mwisho, umeficha zimwi moja, na hakuna safu yenye mazimwi mawili. Akikutana na zimwi anarudishwa mstari wa kwanza kuanza upya. Je, ni majaribio mangapi yanayomhakikishia kufika? Jibu ni 3. Jaribio la kwanza anatembea kwenye mstari wa pili hadi amjue zimwi wa mstari huo. Safu ya zimwi huyo haiwezi kuwa na mwingine, hivyo akifanikiwa kuzunguka kwa kushoto au kulia na kuingia chini yake, njia iliyobaki ni salama hadi mwisho, na hali ya zimwi kukaa pembeni mwa ubao hutatuliwa kwa kushuka kama ngazi. Suluhisho ambalo kijana wa sekondari anaweza kulichora kwa kidole mezani lilikuwa nje ya uwezo wa mashine iliyotatua swali la sita. Aliyekuwa tayari kushangilia, hata hivyo, alipata mwaka mmoja tu. Julai 2025 Google DeepMind na OpenAI kila moja ilitangaza alama 35 kati ya 42, kiwango cha dhahabu, kwa maandishi ya kawaida bila Lean, na swali moja tu, la kupanga vigae kwenye ubao, ndilo lililozishinda zote mbili.

Nirudi kwenye bidhaa yenyewe. Haihitaji kusakinishwa wala kujiandikisha, na kurasa ni za maandishi kwa sehemu kubwa. Lakini ukaguzi hufanyika kwenye seva, kwa hiyo intaneti ikikatika kazi inasimama. Inafunguka kwenye simu, ila kuandika mabano ya mraba na mishale kwa kibodi ya simu kunachosha mno, na ningemshauri mtu atumie kompyuta. Maendeleo yako huhifadhiwa ndani ya kivinjari unachotumia; anayecheza kwenye kompyuta ya shule au ya mgahawa wa intaneti apakue faili ya maendeleo kabla ya kuondoka, kwani kitufe chake kipo kwenye menyu. Kiswahili sikukikuta. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma hisabati kwa Kiingereza hatapata shida, ila mwalimu wa msingi anayefundisha namba shufwa, witiri na tasa kwa Kiswahili kila siku amewekwa nje ya mlango bila sababu ya kihisabati.

Naupendekeza kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, kwa wa mwaka wa kwanza chuoni, na kwa yeyote anayebishana juu ya akili ya bandia bila kuwahi kuona uthibitisho mmoja ukikaguliwa hatua kwa hatua. Simpendekezei anayetafuta ndani yake jibu la kama mtu anaipita mashine. Tunajua kwa uthibitisho kwamba kompyuta haiwezi kuamua kila swali la kujumlisha na kuzidisha. Hakuna aliyethibitisha kwamba mtu anaweza.

Atakayeucheza, kabla ya kufungua Ulimwengu wa Kujumlisha, achukue karatasi, aandike zile kanuni mbili za kujumlisha, na ajaribu mwenyewe kuthibitisha kwamba a + b ni sawa na b + a. Atakwama mahali pawili. Ayaandike matamko mawili anayoyahitaji ili kutoka, ndipo afungue mchezo na kulinganisha na ngazi ya kwanza na ya pili. Akitaka kuendelea kwa namna hiyo bila kupangiwa ngazi, kihariri cha Lean cha mtandaoni nacho ni bure, na humo kila tamko saidizi atalibuni mwenyewe.